Kabula Hatatubu kwa Ajili ya Mtama

Machimboni, Geita
Jumatatu

Baba Kabula,

Nakusalimu. Natumaini wewe, mama yako na wadogo zake Kabula mmeamka salama, kifua cha mama kimeacha kubana, na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa. Mimi ni mzima. Miguu inavimba kwa kusimama jikoni kutwa nzima, lakini hawa wachimbaji, wanaapolo, wanakula na wanarudi kesho yake, kwa hiyo kazi ipo. Kabula naye ni mzima, yuko hapa nyuma ya banda anasugua sufuria. Salamu zimeishia hapo. Nina hasira na wewe, na sitaki kuificha ndani ya salamu.

Nimeandika kwa kuwa simu yako siku hizi ina ugonjwa wa ajabu. Nikiuliza habari ya mvua, nakusikia kama umekaa hapa mezani. Nikimtaja Kabula, mtandao unasumbua. Barua haikatiki. Anakuletea kaka yangu Luhende, anayerudi Shinyanga na lori baada ya kushusha mchele, na nimemwagiza akae hapo uani mpaka akuone ukimaliza ukurasa wa mwisho. Mpe kiti na maji, wala usimtume dukani.

Alhamisi mchana nilikuwa napakua wali nikasikia nyuma yangu salamu ya kwetu, "Mwadila, mayu." Nikageuka na upawa mkononi. Kabula amesimama kwenye tope na sweta lake la shule, viatu ameshika, midomo imepasuka kwa vumbi na kiu. Alibadilisha gari Kahama, akabadilisha tena Runzewe. Runzewe, Baba Kabula! Binti wa miaka kumi na mitano amesimama stendi ya Runzewe peke yake, wapiga debe wanamvuta huku na huku, na hapo baba yake yuko hai na ana nguvu zake. Ili apate nauli alimuuza jogoo wake. Nilimkumbatia mbele ya wateja, wali ukaungua, na mpaka leo wananitania kwamba siku ile niliwalisha ukoko.

Ujumbe wako ulikuwa umemtangulia: "Binti yako ametoroka. Asirudi mpaka akubali kutubu mbele ya kanisa." Binti yako! Alipokuwa wa kwanza darasani ulipita kwa majirani wote ukisema binti yangu, binti yangu. Leo amekuuliza jambo gumu, amekuwa wa kwangu peke yangu.

Sasa nitaandika yote yaliyotokea, kama nilivyoyajua mimi na kama alivyoyasimulia yeye, ili usije ukasema nilisikia vibaya.

Mvua ilipogoma, kanisani mliomba, jambo jema. Kisha wazee wa kitongoji wakapita kila kaya wakitaka mtama wa pombe ya mganga wa mvua na mchango wa kondoo mweusi. Wewe mzee wa kanisa uliwaambia kwamba nyumba yako inaomba kwa Mungu na haitoi. Nilikusifu moyoni uliponieleza. Kesho yake ulinipigia tena, ukiwa nyuma ya zizi, unanong'ona. Ukasema, "Mama Kabula, wamerudi. Wamekaa hapa uani wanamtazama mama. Mmoja ameuliza mbona macho ya bibi mekundu hivi."

Mimi na wewe tumezaliwa huko. Tunajua ajuza mwenye macho mekundu haulizwi habari ya moshi wa kuni aliopikia maisha yake yote. Tunajua ni nani huitwa mchawi mvua inapochelewa na kaya moja imekataa kutoa. Nilikuambia toa. Nilisema hivyo bila kumeza mate, na ningekuwepo ningeuchota mtama huo kwa mikono yangu. Kwa hiyo nielewe vizuri: hasira yangu haiko kwenye mtama. Uliogopa kwa ajili ya mama yako, na mtoto yeyote wa mtu angeogopa.

Lakini siku ile nilikuambia jambo la pili. Nilisema, keti na Kabula umweleze, maana ndiye utakayemtuma, na ameshakuwa mtu mzima wa kuelewa. Unakumbuka ulivyonijibu? "Mtoto haelezwi, mtoto anatumwa." Ukamtwika ungo, ukamwambia peleka kwa fulani, usipite njia ya kanisani. Mtoto anayekariri aya za Biblia kila juma akavuka mbuga na mtama wa mganga kichwani, peke yake na maswali yake.

Mvua ikanyesha. Jumapili ukasimama ukatoa ushuhuda kwamba maombi ya kanisa yamefungua mbingu, na kwamba nyumba yako haikutoa hata punje moja. Kabula alikuwa ameketi kwenye kwaya. Anasema watu walipopiga vigelegele yeye alitazama viatu vya aliyekaa mbele yake. Ulimwona? Nadhani hukumwona, maana ukiwa umeshika kipaza sauti humwoni mtu.

Hata hapo mtoto hakukuaibisha. Nataka ulisome hili mara mbili. Hakumwambia mtu yeyote, hata rafiki zake wa kwaya. Lambo lilijaa, ubatizo ukakaribia, na katika darasa la ubatizo mwinjilisti akasema mwenye jambo linalomlemea aliseme kabla ya kuingia majini. Kabula akanyoosha mkono. Akasema, "Mimi nilipeleka mtama kwa mganga wa mvua. Naomba kujua kama bado naweza kubatizwa." Alisema mimi. Hakusema baba. Mtoto aliubeba mzigo wako akauita dhambi yake.

Mwinjilisti ndiye aliyemuuliza nani alimtuma. Wewe ulikuwa umeketi pale mbele na wazee wenzako. Kabula anasema alikutazama, akasubiri useme. Alisubiri, Baba Kabula! Mwinjilisti akauliza tena kwa ukali, ndipo akasema, "Baba." Na wewe ukasimama ukasema, "Huyu mtoto ananisingizia."

Nilipofika hapo katika kusimuliwa niliacha kukoroga mboga. Nilitaka kuja huko usiku uleule kwa miguu.

Kisha mkampeleka kwa akina mama wa maombi. Wakamzunguka, wakamwekea mikono, mmoja akampigia kelele sikioni mpaka sasa linavuma, wakikemea pepo wa uongo. Pepo gani huyo anayemtuma mtoto kuungama? Katika maisha yangu sijasikia pepo mwenye tabia hiyo. Nawe ulisimama mlangoni na kofia yako mkononi ukiitikia amina, wakati ukijua kwamba kati ya wote waliokuwa kwenye chumba kile, mmoja tu ndiye aliyesema kweli, na ndiye aliyekuwa amelazwa chini.

Sasa mnataka Jumapili asimame mbele ya kanisa aseme alimsingizia baba yake, ndipo abatizwe, ndipo arudi nyumbani, ndipo aende shule. Yaani ili mtoto wangu awe Mkristo, ni lazima kwanza adanganye kanisani. Nani amewafundisha hiyo? Hata wahuni wa hapa machimboni nikiwasimulia watacheka, na baadhi yao wamefungwa jela.

Kabula hatatubu. Aliyekwenda na mtama amekwisha kuungama siku ile darasani. Aliyebaki si yeye.

Wewe unajua kuzungumza, usiniambie hujui. Masanja mdogo wake akienda na wewe malishoni anarudi amejaa habari: ndama huyu anachechemea kwa sababu hii, jani lile usimlishe ng'ombe mwenye mimba, mawingu ya upande ule ni ya uongo. Anauliza maswali mpaka jua linazama na wewe hukasiriki. Lakini habari za Mungu unawapa kwa amri: piga magoti, funga macho, nyamaza. Nikikuomba uzungumze na Kabula, unasema si anakwenda darasa la ubatizo. Umemkabidhi mwinjilisti imani ya binti yako kama ndama anayetunzwa kwa jirani, na siku ndama aliporudi na kukufuata zizini, umemfukuza kwa fimbo.

Mimi sikusoma sana, wala sina maneno ya mimbari. Lakini amekaa hapa na mimi siku hizi, na ameuliza, na nimejibu nilivyoweza. Nitakueleza moja tu. Tulikuwa tunachagua mchele, yeye ungo wake na mimi wangu. Akasema, "Mama, mvua ililetwa na nani?"

Nikamwambia, "Naamini ililetwa na Mungu."

"Unajuaje? Watu wa mganga nao wanasema ni ya kwao."

"Sijui kama ninavyojua kwamba hili ni jiwe," nikamwonyesha jiwe nililolitoa kwenye mchele. "Naamini. Nimemwomba mambo mengi, mengine akanipa, mengine mpaka leo bado nasubiri, na sijaacha kumwomba."

Akachagua mchele, akachagua. Kisha akasema, "Basi baba haamini."

"Baba yako anaamini. Aliamini na akaogopa."

"Vyote pamoja?"

"Vyote pamoja. Mimi hivyo ndivyo ninavyoamka kila asubuhi, mwanangu. Nasali, halafu naangalia kama kufuli la banda limefungwa."

Alicheka. Mara ya kwanza tangu afike. Halafu akauliza uliogopa nini, na hapo nikamwambia, "Hilo muulize mwenyewe." Sijamweleza habari ya macho ya bibi yake. Yeye anadhani uliogopa watu wasikuseme vibaya kwenye pombe. Ningeweza kumwambia kweli kwa neno moja, na hasira yake ingepungua nusu, lakini si kazi yangu kukusemea. Wewe ndiye uliyemtuma.

Basi ndivyo tulivyozungumza. Hakuna aliyepiga magoti na mchele ulichaguliwa ukaisha. Sikumwambia anyamaze, naye hakunikosea heshima. Ungekuwepo ungesema tunapoteza muda.

Jana mwanaapolo mmoja, kijana wa Bukombe mwenye maneno mengi, alimtania. Hapa duara, shimo lao la kuchimbia, likikataa kutoa dhahabu, asubuhi wanamwita mchungaji aombee kamba wanazoshukia, na jioni wanamwita mganga na kuku wake, na kila mtu anaona. Akamwambia, "Mdogo wangu, sisi tunaomba pande zote, atakayejibu kwanza ndiye wetu." Kabula akamuuliza, "Na mkishapata, mnamshukuru nani?" Kijana akainamia sahani yake. Wenzake walimcheka mpaka akahamia benchi lingine. Huyo ndiye mtoto mnayesema ana pepo. Akili ile ameitoa kwako, kwa babu zako waliokuwa wanaamua kesi za ng'ombe, na wewe badala ya kuifurahia unaitafutia watu wa kuikemea.

Nilimuuliza anataka nini. Niliuliza kama ninavyokuambia, "Kabula, unataka baba yako afanye nini?" Nilidhani atasema atubu yeye, avuliwe uzee wa kanisa, maana mimi mwenyewe ndiyo niliyokuwa nayawaza. Akasema, "Aniambie tu." Nikauliza, na kanisani? Akasema, "Kanisani hata asiposema. Aniambie mimi kwamba alinituma, na kwa nini." Kisha akaongeza jambo lililonifanya nikaingia ndani nikajifanya natafuta chumvi. Alisema, "Mama, pale darasani nilidhani nitabatizwa baba akiwa pembeni yangu. Aliposema ninamsingizia, nikadhani labda kweli sikutumwa." Umesikia? Mtoto anaanza kuishuku akili yake mwenyewe ili wewe ubaki mkweli. Akishafika hapo, hata mkimtumbukiza lamboni mara saba atatoka na maji tu.

Na nikuambie kinachoniogopesha. Hapa ni machimboni. Kila siku anapita mtu anayemwambia Kabula ana macho mazuri, na kwamba shule ni kupoteza muda, na kwamba kuna kazi ya kuuza vinywaji. Ninalala na panga chini ya kitanda. Siwezi kumweka hapa, na mtihani wake wa kidato cha pili unakaribia. Lazima arudi nyumbani. Lakini sitamrudisha kwenye nyumba ambayo mlango wake unafunguliwa kwa uongo. Akijifunza leo kwamba mtu husema chochote ili aruhusiwe kuingia, atakuja kukisema hapa pia, kwa hawa wenye vinywaji, na wewe hutakuwepo kuitikia amina.

Kwa hiyo nimeomba ruhusa kwa mwenye banda. Ninakuja naye. Jumapili nitakaa upande wa wanawake, kwenye benchi langu. Likiitwa jina la Kabula aje mbele kutubu, atakayesimama ni mimi. Nitasema mtama ulitoka ghalani kwetu, ulitumwa na baba yake, na mimi mama yake nilikuambia utoe. Sitamtaja mama, wala wewe huna haja ya kumtaja mbele ya watu, yule mzee aachwe apumzike. Mchungaji akitaka kututenga, atutenge sisi tuliotoa, amwache aliyebeba. Wakikuvua uzee, utabaki baba. Kwa sasa uzee unao, ubaba ndio ninaoutafuta sijauona.

Haya ndiyo nitakayofanya mimi. Utakayofanya wewe sijui, na kutoyajua kunaniumiza, maana tumeoana muda mrefu na nilidhani nakujua. Nakukumbuka siku Kabula alipozaliwa na mvua ile kubwa, paa likavuja, ukasimama juu yetu umeshika ngozi ya ng'ombe kwa mikono miwili mpaka asubuhi ili mtoto asilowane. Hukumwita mtu akushikie. Ninamwandikia mtu yule. Kama bado yupo hapo nyumbani kwetu Samuye, mpe hii barua.

Msalimie sana mama, mwambie shikamoo yangu aipokee, na Kabula anamletea tumbaku ya kunusa. Masanja mwambie asiende lamboni peke yake maji yakiwa mengi. Limi mdogo mpake mafuta kichwani, na nywele zake asizinyoe mtu mpaka nije. Msalimie jirani yetu mama wa mashine ya kusaga, ambaye nasikia ndiye pekee aliyempa Kabula uji siku ile alipotoka kukemewa, Mungu ambariki. Mama kiongozi wa maombi msalimie pia, mwambie nitakuja kumsalimia mwenyewe, na sitapiga kelele.

Gari likienda vizuri tutashuka Jumamosi alasiri. Njoo utupokee pale barabara ya lami. Njoo peke yako. Mwinjilisti asije, wala mzee mwenzako yeyote. Kutoka lami mpaka nyumbani unajua ni mwendo mrefu, na maneno anayoyasubiri hayajazi hata nusu yake. Mwambie ulimtuma. Mwambie uliogopa, na ulimwogopea nani. Akikuuliza Mungu alikuwa wapi siku ile, usikimbilie kwa mchungaji, mjibu wewe, hata kama jibu ni kwamba hujui.

Mizigo nitabeba mimi, na nitatangulia mbele. Sitageuka.

Ni mimi, mkeo, ambaye hasira haijanitoa nyumbani kwangu,

Mama Kabula